Vipimo vya Haraka vya Usafi wa Chakula: Kila Kipimo na Swali Lake

Mazungumzo kwa wenye hoteli, wauza maziwa, wauza nyama, wachuuzi wa maji na wakazi wote wa Kaunti ya Mandera



Mwaka wa 2016 haujasahaulika mjini Mandera. Mwezi wa Aprili mwaka huo kipindupindu kililipuka, na kabla hakijatulia, mnamo Mei, ikathibitishwa pia homa ya chikungunya inayoenezwa na mbu. Zaidi ya watu elfu moja waliugua kipindupindu, na baadhi yao wakafariki. Hata wahudumu wa afya waliugua, wakati wagonjwa walipowahitaji zaidi. Kisha mlipuko wa nchi nzima ulioanza Oktoba 2022 ukafika tena Kaskazini Mashariki: Garissa, Wajir na Mandera. Na mwisho wa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko, vyoo vikafurika na visima vikachafuka.

Katika milipuko ya namna hii mambo hurudi yale yale. Maji yaliyonywewa yalionekana safi. Chakula kilicholiwa kilikuwa na ladha nzuri. Mkono uliokikabidhi haukuwa na doa. Kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho, hakina harufu na hakibadilishi ladha ya chai. Macho, pua na ulimi ni vipimo ambavyo Mungu amempa kila mtu, na vina kazi yake. Lakini kazi hii viliachwa nyuma.

Ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Leo kuna vipimo vya haraka vinavyoweza kutumika jikoni, sokoni au kando ya lori la maji, na vingi hutoa jibu kwa dakika chache. Vipimo hivi vina faida kubwa kwa Mandera. Vilevile vinaweza kumdanganya mtu asiyejua vinapima nini. Kila kipimo hujibu swali moja tu. Anayejua swali lenyewe atafaidika, na asiyelijua atapewa jibu zuri huku hatari ikibaki palepale kwenye sufuria.

Kwa nini haraka

Njia ya kuaminika zaidi ya kujua ni kijidudu gani kimo kwenye chakula ni kukiotesha maabara. Mtaalamu huchukua sampuli, huiweka kwenye chakula maalumu cha vijidudu, huitia kwenye joto linalofaa na kungoja. Bakteria wa kawaida huhitaji siku moja au mbili. Salmonela, anayesababisha kuhara na ambaye jamii yake mojawapo huleta homa ya matumbo, huweza kuchukua siku tatu hadi tano mpaka athibitishwe.

Sasa ongeza safari. Mandera iko umbali wa takriban kilomita 1,000 kutoka Nairobi, ziliko maabara kubwa za kitaifa. Sampuli ya chakula sharti isafiri ikiwa baridi na ifike mapema, la sivyo vijidudu vitakufa au vitazaana njiani, na jibu litakuwa la safari badala ya jibu la chakula. Takaba, Banissa au Elwak, hata safari ya kufika Mandera mjini si jambo la saa moja. Jibu likirudi baada ya siku kadhaa, pilau ililiwa zamani na wageni wa harusi wametawanyika hadi Bula Hawa na Suftu.

Tena hali ya hewa haisubiri. Kwenye joto la kufaa, bakteria wengi wa chakula hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Hesabu ni rahisi. Bakteria mmoja baada ya saa moja amekuwa 8. Baada ya saa tatu wamekuwa 512. Baada ya saa sita wamepita 260,000. Wali uliopikwa saa nne asubuhi ukaachwa mezani kwenye joto la Mandera hadi saa kumi jioni umewapa wageni hao saa sita kamili.

Kwa hiyo faida ya kipimo cha haraka ni wakati. Mwenye hoteli anapata jibu wakati bado anaweza kufanya kitu: kuosha tena, kuchemsha, kutia dawa au kumwaga. Maabara haijaondolewa kazi yake. Ni maabara inayothibitisha mlipuko na kutaja jina la kijidudu. Kipimo cha haraka ni mlinzi wa mlangoni.

Swali la kwanza: je, maji haya yana dawa ya kutosha?

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na huenda ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote hapa, ni cha klorini kwenye maji. Maji ya kupikia chai, ya kuoshea vyombo na ya kunawia mikono ndiyo yanayopita katika kila chakula. Maji hayo hutoka Mto Daua, kisima, sambazi au lori, na mara nyingi humfikia mpishi kwa mkokoteni wa punda na mitungi ya plastiki.

Kifaa chenyewe ni kidogo, hutoshea mfukoni. Kichupa husuuzwa kwa maji yanayopimwa, kisha hujazwa mpaka alama. Kidonge maalumu hutiwa na kuvurugwa. Maji yakigeuka waridi, klorini imo, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini inavyozidi. Rangi hulinganishwa na kipimo kilicho ubavuni. Kwa kawaida inatakiwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa kila lita baada ya dawa kukaa kwenye maji angalau nusu saa. Wakati wa mlipuko, maji yanapotoka kwenye lori au mfereji yanatakiwa yasipungue 0.5. Kazi yote huchukua dakika moja au mbili.

Maji yasipobadilika rangi, maana yake klorini haimo, na mtu asiyatumie kabla ya kuyatibu au kuyachemsha. Kuna mtego mmoja: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi huweza kuiua ile rangi, na maji yakaonekana kama hayana dawa kabisa. Maji yenye harufu kali ya dawa ambayo hayaonyeshi rangi yazimuliwe kwa maji yasiyo na klorini, kisha yapimwe upya.

Kipimo hiki hakisemi kama kijidudu kimo. Kinasema kama mlinzi yupo. Na mlinzi huyo huchoka. Jua humpunguza, matope humla. Maji ya mto yenye udongo mwingi hunywa dawa yote kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo yaachwe yatulie na yachujwe kwanza. Vilevile lori linaweza kupimwa likapata alama nzuri, halafu maji yakamiminwa kwenye mtungi uliobeba uchafu wa wiki nzima. Ndiyo sababu pa kupimia ni pale mtu anapochota kikombe, pamoja na pale lori linapojazwa.

Swali la pili: je, maji haya yameguswa na kinyesi?

Kuna kipimo kingine cha maji kisichohitaji umeme wala mashine, nacho kilianzia India mwaka wa 1982. Ni kichupa chenye karatasi iliyolowekwa dawa na kukaushwa. Maji hutiwa hadi alama, kifuniko hufungwa, na kichupa huachwa mahali penye joto kwa saa 24 hadi 48. Bakteria wengi wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ikikutana na dawa, maji huwa meusi. Nchi za baridi hulazimika kukitafutia kichupa mahali pa moto. Mandera joto lipo bure.

Saa 24 si dakika moja, lakini bado ni haraka kuliko sampuli kwenda Nairobi, na mwalimu wa shule au kamati ya maji ya kijiji inaweza kufundishwa kuitumia. Tahadhari ni mbili. Baadhi ya visima virefu vina gesi hiyo kiasili, na maji yake yanaweza kufanya weusi bila kinyesi kuwamo. Na kichupa kisipogeuka cheusi, hilo si hakikisho kwamba hakuna virusi wala vijidudu vingine visivyotoa gesi hiyo.

Swali la tatu: je, ubao huu umeoshwa kweli?

Sasa tuseme mwenye hoteli amemaliza kuosha jikoni jioni. Ubao wa kukatia nyama unang'aa. Je, umetakata?

Jibu la swali hili lilitoka kwa kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku baada ya mvua. Mwaka wa 1947 mwanasayansi Mmarekani William McElroy alionyesha kwamba mdudu huyo hawezi kuwaka bila kemikali moja iitwayo ATP. Kemikali hiyo ni kama mafuta ya taa ya uhai: imo katika kila chembe hai, iwe ya mtu, nyama, mboga au bakteria. Wataalamu wakaona kwamba kinyume chake ni kweli pia. Ukichukua dawa ya kimulimuli ukaikutanisha na uchafu wenye ATP, utapata mwanga; na kadiri uchafu unavyozidi ndivyo mwanga unavyoongezeka.

Leo kipimo hicho hufanywa kwa kijiti chenye pamba. Hupanguswa kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10 hivi, hurudishwa kwenye mrija wake wenye dawa, hutikiswa na kutiwa kwenye mashine ya kushika mkononi. Kwa muda wa sekunde 15 hivi mashine husoma mwanga na kutoa nambari. Nambari ndogo ni ishara ya usafi, kubwa ni ishara ya uchafu. Kila mtengenezaji ana viwango vyake, kwa hiyo nambari ya mashine moja haiwezi kulinganishwa na ya nyingine.

Faida yake kubwa ni mafunzo. Mpishi anayeambiwa kila siku kwamba tambara la mezani ni chafu anaweza kuona ni maneno tu. Akiona nambari ya meza kabla ya kufutwa, kisha akaona imepanda baada ya kufutwa na tambara hilohilo lililopita meza kumi, hahitaji kuhubiriwa tena. Mpini wa friji, mfereji, kisu, mdomo wa birika na kifuniko cha mtungi wa maziwa ni mahali pengine ambapo macho hupita bila kuona.

Lakini kipimo cha kimulimuli hakijui jina la mtu yeyote. Hakitofautishi mabaki ya nyama na bakteria, wala bakteria wa maziwa lala na bakteria wa kipindupindu. Virusi havina ATP yao wenyewe, hivyo havioni. Na idadi ndogo ya vijidudu hatari inaweza kukaa chini ya nambari nzuri. Mabaki ya dawa ya klorini pia huweza kuizima ile nuru, ndiyo maana hupimwa baada ya kuosha na kusuuza, kabla ya kutia dawa. Mashine ina bei, na kila kijiti hutumika mara moja tu. Si kifaa cha kila kibanda. Ni kifaa cha ukaguzi, cha machinjio, cha jikoni za hospitali na shule, na cha mafunzo.

Kwa kibanda, kipo kifaa kingine ambacho wengi hawakihesabu kuwa kipimo: kipimajoto cha chakula. Kichomeke katikati ya kipande kinene cha nyama. Kikifika nyuzi 70, nyama imeiva kiasi cha kuua karibu vijidudu vyote vya hatari. Chakula kinachongoja wateja kikae juu ya nyuzi 60, na cha friji kisizidi nyuzi 5. Kati ya 5 na 60 ndipo bakteria hufanya harusi.

Swali la nne: je, maziwa haya bado ni mazima?

Biashara ya maziwa ya ngamia hubeba familia nyingi katika kaunti hii, na karibu yote imo mikononi mwa kina mama. Maziwa hukamuliwa malishoni alfajiri, hukusanywa, husafiri kwa pikipiki au gari, na hufika sokoni jua likiwa limepanda. Lita 20 zikiharibika, hasara ni ya mama aliyezinunua. Kwa hiyo kipimo chema ni kile kinachofanywa anaponunua, kabla pesa hazijabadilisha mikono.

Cha kwanza ni cha zamani: kunusa, kutazama, na kuangalia mtungi wenyewe ndani. Cha pili ni kuchemsha kidogo kwenye kijiko au kikombe cha chuma. Maziwa yakigandamana na kukatika, yameanza kuchacha na hayatafika sokoni salama. Cha tatu hutumia dawa ya rangi ya buluu iitwayo resazurini. Hutiwa kidogo kwenye maziwa, kisha maziwa huwekwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 10. Bakteria wakiwa wengi, rangi hutoka buluu ikaenda zambarau, waridi, na mwishowe nyeupe. Kadiri inavyobadilika haraka, ndivyo bakteria walivyo wengi.

Hapa pia kuna mitego. Mtu akitia kemikali kwenye maziwa ili yasichache, au ngamia akikamuliwa siku chache baada ya kuchomwa dawa ya kuua viini, bakteria hulala na rangi hubaki buluu. Mnunuzi atadhani amenunua usafi, kumbe amenunua dawa.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye sifa ya ngamia mwenyewe. Wafugaji wanajua kwamba maziwa yake huchelewa kuchacha kuliko ya ng'ombe. Hiyo ni neema, lakini kutochacha si sawa na kuwa salama. Kijidudu cha bruselosi, ugonjwa wa homa inayopanda na kushuka, maumivu ya viungo na uchovu usioisha, hakichachishi maziwa hata kidogo. Ngamia, mbuzi au ng'ombe mwenye ugonjwa huo anaweza kutoa maziwa meupe, matamu, yenye kupita vipimo vyote vitatu vilivyotajwa.

Watu wa kisiwa cha Malta walijifunza hilo kwa uchungu. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa huko waliugua homa hiyo kwa miaka mingi, na daktari David Bruce akakigundua kijidudu chenyewe mwaka wa 1887, lakini hakuna aliyejua kinatoka wapi. Mwaka wa 1905 daktari wa kisiwa hicho, Themistocles Zammit, alipima mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mlangoni mwa wateja. Mbuzi walionekana wazima kabisa, na walikuwa nacho. Wanajeshi walipoacha kunywa maziwa hayo mabichi, homa ikapungua sana miongoni mwao.

Kipo kipimo cha haraka cha bruselosi kwenye maziwa ya ng'ombe, ambapo pete ya rangi huonekana juu ya malai. Lakini malai ya ngamia hayapandi juu kama ya ng'ombe, hivyo kipimo hicho hakifai kwa maziwa ya ngamia kikitumiwa vilevile. Wataalamu wa mifugo hutegemea zaidi damu ya mnyama. Hili ni funzo kwa kaunti ya ngamia: kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe kisiletwe hapa na kuaminiwa kabla ya kujaribiwa kwa ngamia.

Dawa ya bruselosi kwenye maziwa ni moto. Maziwa yakichemka, kijidudu hufa. Wazee wengi huona maziwa mabichi ndiyo yenye nguvu, na mazoea ya miaka mingi hayaondoki kwa siku moja. Basi angalau watoto wadogo, kina mama wajawazito na wagonjwa wapewe yaliyochemshwa, na chai ya hotelini ichemke kweli badala ya kupashwa moto tu.

Wazee hao hao wana hekima ya kuhifadhi chakula ambayo sayansi imeiunga mkono. Kukausha na kukaanga nyirinyiri huondoa maji ambayo bakteria huyahitaji ili waishi. Kuvukiza vibuyu kwa moshi wa miti maalumu hupunguza vijidudu ndani ya chombo. Mtungi wa plastiki haukubali moshi kwa namna hiyo, na mikwaruzo yake ya ndani hugeuka makao ya bakteria ambayo brashi haifiki. Mama anayeweza kupata mkebe wa chuma au alumini wenye mdomo mpana, ambao mkono wote unaingia kuuosha, amepunguza hasara yake kabla ya kipimo chochote.

Swali la tano: je, ni kijidudu gani?

Kwa swali hili haraka ina mpaka. Kuna kadi nyembamba zenye chakula cha bakteria kilichokaushwa. Tone la maji au chakula kilichosagwa hutiwa, kadi hufunikwa na kuwekwa kwenye joto, na baada ya saa 24 hadi 48 madoa huhesabiwa. Rangi ya doa huonyesha kama ni E. koli, bakteria wa matumboni ambaye uwepo wake kwenye chakula kilichopikwa ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika mahali pasipostahili, mara nyingi kwa njia ya mikono au maji.

Vipo pia vijiti vya haraka vya kipindupindu, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Vijiti hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya kinyesi cha mgonjwa, vikisaidia hospitali kutambua mlipuko mapema. Si vya kuchovya kwenye supu. Na hata vikionyesha kipindupindu, bado maabara huotesha sampuli ili kuthibitisha.

Kipimo kikifeli

Swali linalowatia wafanyabiashara hofu ni hili: nambari ikiwa mbaya, hoteli itafungwa?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, zinampa afisa wa afya mamlaka ya kukagua, kuchukua sampuli na kuzuia chakula kibaya. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Hiyo ni haki ya mteja, na mwenye hoteli naye ni mteja anapokwenda kula kwingine.

Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 47, inamlinda mfanyabiashara. Hatua ya serikali inayomwathiri sharti iwe ya haki na ya kisheria, na ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwenye hoteli anaweza kuomba kuona nambari, kuuliza kipimo kinapima nini na kiwango ni kipi, na kuomba kipimo kirudiwe baada ya kuosha. Maswali hayo si ukaidi. Ukaguzi unaoeleweka ndio unaobadilisha jikoni.

Kipimo kibaya kina hatua zake. Acha kutumia kilichopimwa. Osha kwa sabuni, suuza, tia dawa, acha kikauke. Pima tena. Kikifeli tena, tafuta chanzo: huenda ni maji, tambara, au ubao uliochakaa unaostahili kutupwa. Andika tarehe na matokeo kwenye daftari. Daftari lenye alama mbaya mbili zilizorekebishwa lina heshima kuliko ukuta wenye cheti kimoja kilichokaukia kwenye fremu.

Kwa maana cheti nacho ni kipimo, na kina swali lake. Mhudumu wa chakula hupimwa afya kila baada ya miezi sita. Cheti chake kinasema alikuwaje siku ile. Hakiwezi kusema kama leo asubuhi alinawa mikono alipotoka chooni. Vivyo hivyo, nambari nzuri ya siku ya ukaguzi haibariki siku nyingine 29 za mwezi.

Nyumba isiyo na kipimo

Nyumba nyingi za Lafey, Rhamu, Ashabito au Khalalio hazitaona mashine ya kimulimuli karibuni, na hazihitaji kungoja. Kila kipimo kilichotajwa hapa hukagua jambo ambalo mtu anaweza kulifanya bila kipimo. Maji yatiwe dawa au yachemshwe, na yachotwe kwa kata yenye mpini badala ya kikombe kinachoingia na vidole. Mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, baada ya choo na kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto. Nyama mbichi isikutane na chakula kilichoiva, wala kisu kimoja kisivikate vyote viwili. Chakula kiive, kiliwe kikiwa moto, na kilichobaki kipashwe mpaka kichemke. Maziwa yachemshwe.

Haya yazingatiwe zaidi kwenye mikusanyiko: harusi, matanga, futari ya pamoja wakati wa Ramadhani. Sufuria moja hulisha mamia, na kosa moja nalo hulisha mamia. Wapishi wa shughuli wapange mapema nani anasimamia maji, nani anasimamia kunawa, na chakula kitakaa muda gani kabla ya kupakuliwa.

Na kinga ikishindwa, mtu akianza kuhara maji meupe kama ya mchele, asingoje kesho. Apewe maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha nguvu, na akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu. Kipindupindu huua kwa saa chache kwa kukausha mwili, lakini anayetibiwa mapema hupona. Kumripoti mgonjwa si kumwaibisha. Ndiko kunakowawezesha maafisa wa afya kufika kwenye kisima au jikoni husika kabla ya mgonjwa wa pili.

Basi afisa wa afya atakapofika hotelini na kijiti chake, au kwenye lori la maji na kichupa chake, aulizwe swali moja la heshima: hiki kinapima nini? Akishajibu, asimame na mwenye hoteli waisome nambari pamoja. Kisha aulizwe la pili: na ni nini ambacho hakipimi? Majibu ya swali hilo la pili ndiyo kazi iliyobaki kwa sabuni, moto na mikono ya mwenye jiko, kila siku, afisa awepo au asiwepo.